Siku Mjomba Aliponyamaza kwa Daktari

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Makaratasi,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, ni nzito, zisije zikakuangukia mguuni. Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Kama hewa ya huko ugenini haijakuchezea basi nawe u mzima, na ukiniambia unakohoa nitapanda ndege kesho, rubani akichoka nimpokee usukani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti hapa karakanani mbele ya wateja, maana watu wajue fundi wao wa vitasa ana mpwa msomi. Nilipofika pale uliposema unatafiti jinsia na afya ya dunia, kinyozi wa mlango wa pili akaingilia:

"Kwani dunia inaumwa nini?"

"Wewe nyoa," nikamwambia.

Lakini tuongee kwa siri, na mimi sikuelewa. Afya naijua. Jinsia naijua, nimeoa. Ila ukiviweka vyote viwili kwenye sentensi moja vinanipiga chenga. Kwani homa inabisha hodi ikauliza kwanza kama mwenye nyumba ni bwana au bibi? Nieleze taratibu. Unajua mimi shule niliiacha walimu walipoanza kuniogopa.

Huku kazi zimeniandama. Wiki iliyopita niliitwa benki, meneja mzima kafungiwa nje ya sefu, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. Mafundi wa kigeni wameshindwa. Nikaomba kijiko cha chai. Dakika si dakika, mlango huo, kreee! Meneja akalia. Mlinzi akanipigia saluti.

Nilipokuwa nikisimulia hayo nyumbani, Waziri wangu wa Mambo ya Ndani, yaani mkaza mjomba wako, akasema bila kuinua uso kwenye cherehani, "Si benki, ilikuwa posta. Na si sefu, ni choo." Wanawake na ushahidi!

Naye anakusalimu. Ni mzima, ila siku hizi kavamiwa na uvivu. Akipanda ngazi kutoka huku karakanani kwenda juu nyumbani anasimama katikati, ati anafunga viatu vizuri. Amevaa ndala. Juzi alisinzia juu ya sare ya shule ya mtoto wa watu, akaamka kaptula ina miguu mitatu. Basi tumecheka.

Jibu haraka, wateja wananiuliza.

Mjomba wako,
Bingwa wa Vitasa


Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini picha za barua yangu zitafunguka vizuri kwenye simu yako, na kinyozi atakuacha usome hadi mwisho. Mimi sijambo, ni kazi tu. Hapa kuna baridi hadi kalamu inaganda, lakini nimenunua koti.

Umeniuliza swali zuri, na nilicheka sana kuhusu homa kubisha hodi. Mjomba, homa haiulizi. Wanaouliza ni watu. Nani kwenye nyumba anaamua kwamba sasa mgonjwa apelekwe hospitali? Nani anaambiwa "huo ni uchovu tu, kajipumzishe" na nani anapimwa mara moja? Kuna magonjwa yalisomwa kwa muda mrefu kwenye miili ya wanaume, halafu mwanamke akija na dalili zake tofauti, anaonekana anadeka. Na kuna wanaume wanaokufa kwa sababu kwenda kupimwa wanaona ni udhaifu. Yote hayo ni jinsia, na yako nchi nyingi, ndiyo maana tunasema afya ya dunia.

Kazi yangu mimi ni ndogo sana ukiitazama. Nakaa kwenye kona ya chumba cha daktari, kwa ruhusa ya mgonjwa, sisemi neno. Naangalia jambo moja tu: daktari akiuliza swali, nani anajibu. Wenzangu wanafanya hivyohivyo katika nchi nyingine. Utashangaa, Mjomba. Mwanamke anaulizwa "Unaumwa wapi?", na anayejibu ni mume, au kaka, au mama mkwe. Wanajibu kwa upendo kabisa. Lakini maumivu hayako kwao.

Hebu niambie vizuri kuhusu mkaza mjomba. Huo uvivu umeanza lini? Sijawahi kumwona amekaa bila kazi mkononi tangu mliponichukua nikiwa darasa la pili. Nakumbuka alishona sare yangu ya kwanza huku amesimama. Mwambie namsalimu sana, na akipata nafasi aniandikie mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mpwa


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu, jicho la ukoo,

Marahaba, marahaba, tena marahaba. Usinilaumu kwa kukaa kimya, nilikuwa nashughulika na utafiti. Ndiyo, umesoma vizuri. Nimekufanyia utafiti wako mwenyewe huku huku, bure, bila koti.

Ulisema unaangalia nani anajibu. Sasa sikiliza. Uvivu wa Waziri uliongezeka, akaanza na kichefuchefu, halafu taya. Tukaenda kwa daktari wa meno, akang'oa jino, taya likaendelea kuuma kana kwamba hakuna kilichong'olewa. Nikamwambia taya hilo limechoka kunigombeza, alipatie likizo. Mara akasema na mgongo unambana katikati ya mabega. Nikaona hapana, mimi ni mwanamume ninayejali, tena nina mpwa msomi. Nikafunga karakana, nikampeleka kituo cha afya.

Daktari alikuwa kijana, ndevu bado zinafikiria kama ziote. Akamwuliza Waziri, "Mama, unasumbuliwa na nini?"

Waziri akaanza, "Mwanangu, nikipanda ngazi..."

Nikaona atazunguka, watu kule nje wamejaa. Nikaingia mimi. Mpwa, nilijieleza! Nilimwambia huyu mwanamke ni simba, cherehani ya chuma aliipandisha ghorofani peke yake wakati wapagazi wanabishana bei. Hajawahi kuumwa tangu nimuoe. Akila anakula kwa haraka kwa sababu ya kazi za watu, basi ni gesi tu, imezunguka mgongoni, imepanda hadi kwenye taya, na uchovu ni wa kuinamia cherehani. Nikamwonyesha na njia inayopita gesi, kwa mkono. Kijana wa watu alikuwa anaitikia tu, "Sawa mzee, sawa mzee." Hakulazimika kumwuliza Waziri hata swali la pili. Kaandika dawa ya tumbo, tukatoka benchi hata halijapata joto. Wengine walikaa humo hadi wakasahauliwa na watoto wao!

Andika hivyo kwenye karatasi zako: nani alijibu? Mjomba. Vizuri? Vizuri mno.

Dawa anakunywa. Bado haijashika sawasawa, jana alitapika kidogo alipopanda ngazi na ndoo, akakaa hapo hapo kwenye ngazi akitokwa na jasho la baridi. Lakini dawa za tumbo zinajulikana, hazina haraka.

Ni mimi mtafiti mwenzako,
Mjomba


Tarehe 27 Februari, mchana

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi, utanisamehe. Nimepiga simu yako tangu barua yako ilipofika, inaita tu. Najua iko kwenye droo chini ya vitasa vya watu. Na mkaza mjomba hana simu yake mwenyewe. Ukiuona ujumbe huu, usimalizie hata ufunguo ulio mkononi.

Mpeleke sasa hivi hospitali kubwa, ile yenye idara ya moyo. Msipande kwa miguu ngazi yoyote, asibebe kitu, chukueni gari. Uchovu unaokuja akipanda, taya, kubanwa katikati ya mabega, kichefuchefu na jasho la baridi, hizo zinaweza kuwa dalili za moyo. Wanawake wengi hawashiki kifua na kuanguka kama wanaume wa kwenye filamu. Inawajia hivyo, kwa kunyemelea, na wanaambiwa ni tumbo. Sisemi ndiyo ugonjwa wenyewe. Mimi si daktari wa kutibu, mwenyewe uliniita wa makaratasi. Nasema apimwe moyo leo, si kesho.

Na jambo la pili, Mjomba, nakuomba kwa heshima zote nilizonazo. Daktari akiuliza, ajibu yeye. Wewe nyamaza. Akichelewa kujibu, nyamaza. Akikosea tarehe, nyamaza. Najua unampenda kuliko vitasa vyote. Lakini maumivu anayajua yeye.

Nijibu neno moja tu mkifika.

Mpwa wako


Tarehe 28 Februari

Mjomba, shikamoo. Bado sijapata neno. Leo nimepata namba ya kinyozi, anasema karakana imefungwa tangu jana na ulisahau koleo nje. Wewe husahau kila kitu lakini si koleo. Tafadhali. Hata nukta tupu, nitumie.

Mpwa


Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Shusha pumzi kwanza. Salamu zitafuata. Waziri yu hai, anakula, na asubuhi hii amenigombeza kuhusu soksi mpaka muuguzi wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Ndivyo anavyoendelea. Sasa shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na kwako je, umelala? Lala.

Hukupata neno kwa sababu simu iliisha chaji mkononi mwangu mara nilipomaliza kusoma ujumbe wako, na mtu aliye kwenye korido ya idara ya moyo haendi kutafuta umeme. Lakini nakusimulia yote, kwa kuwa limetokea jambo ambalo katika wanaume wa ukoo huu halijawahi kutokea. Nilinyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kama mimi. Wakitaka kufundisha kunyamaza vyuoni, waje waniulize, nitawaeleza siku nzima.

Tulifika kwa teksi. Dereva akataka kujua mgonjwa ni nani, sikumjibu, nikaanza mazoezi hapo hapo. Daktari wa moyo ni mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, nyuma yake wanafunzi wa udaktari wamejipanga kama vifaranga. Mimi nikatoa leso, nikaikunja, nikaing'ata.

"Mzee, unaumwa meno?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Anajizuia," Waziri akasema. "Mpwa wake kamkataza kuongea."

"Huyo mpwa anatafuta kazi?" daktari akasema, halafu akavaa miwani. "Haya mama, tangu lini unasikia hivi?"

Waziri akanitazama mimi. Kazoea. Mpwa, jibu lilikuwa limenijaa mdomoni, lina mikono na miguu, lina benki ndani yake! Nikatazama dari. Kulikuwa na feni haizunguki. Waziri bado ananitazama, daktari anangoja, wala hakumharakisha. Kimya kile kilikuwa kirefu, nadhani hata wewe huko kilikufikia.

Ndipo akaanza. Akasema ni tangu mvua za mwaka jana. Za mwaka jana, unasikia? Akasema si kifua, ni kama mkono wa mtu unambana nyuma, katikati ya mabega, kisha unapanda hadi kwenye taya, na akikaa unamwachia. Akasema zamani ulikuja kwenye ngazi za juu, siku hizi unamkuta hata akitandika kitanda. Akasema akihisi unakuja anajifanya anarekebisha ndala ili nisimwulize.

"Mbona hukusema mapema, mama?"

"Nilisema," akajibu. "Ila huwa nasema nusu. Nusu nyingine mwenzangu anakuwa ameshaimalizia."

Daktari akanitazama. Vifaranga wote wakanitazama. Hata ile mashine ya moyo ilionekana kunitazama. Nikaing'ata leso mpaka ikabaki uzi. Nikawa najiuliza tu, huyu mwanamke anayeongea sentensi ndefu hivi, zote zimenyooka, alikuwa anaishi wapi miaka yote hii? Nilimsikiliza kama redio ya jirani yenye habari nzuri.

Wakampachika waya kifuani, wakamchukua damu. Daktari akasoma ile karatasi ya mistari, akaivua miwani, akaniuliza, "Mlikuja kwa miguu?"

Nikatikisa kichwa, kwa mkono nikaonyesha gari.

"Vizuri. Maana hatoki humu leo."

Hapo, mpwa, nitakuambia na usimwambie kinyozi. Mimi nimewahi kupambana na nyoka ndani ya tangi la maji, nimelala juu ya paa la treni, siogopi. Lakini walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu na ule mlango ukajifunga nyuma yake, nilikaa sakafuni. Mlango ule una kitasa cha kawaida kabisa, ningekifungua kwa pini ya nywele. Sikukigusa.

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebanwa, umebaki njia nyembamba kama ya uzi wa cherehani. Walipitisha kiwaya kwenye kifundo cha mkono wake, kikasafiri hadi moyoni, wakapanua pale palipobanwa na kuacha kijibomba cha wavu kushikilia. Hawakumpasua! Daktari alipotoka kunieleza, nikatoa leso, nikamwambia mama, kazi hiyo naijua, waya mwembamba, mkono usiotetemeka, mlango unaachia. Tungeweza kufanya pamoja.

"Mzee," akasema, "rudisha leso."

Lakini alikuwa anacheka. Akasema kwamba tungeendelea na dawa ya tumbo siku chache zaidi, leo angekuwa ananiambia maneno mengine. Akasema na hiki pia, nakiandika alivyokisema: "Mama huyu amejieleza vizuri. Ndiyo maana nimejua pa kutazama."

Nimerudi nyumbani kuoga tu. Nimepanda ngazi zetu polepole, nikakaa pale katikati anapokaa yeye. Kuna upepo mzuri pale. Kisha nikashuka kurudi kwake.

Mjomba wako,
aliyenyamaza


Tarehe 5 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante. Asante, asante, sijui niandike mara ngapi.

Niliisomea barua yako ofisini. Nilipofika pale "yu hai" nililia kwa sauti, mwenzangu wa meza ya pili akaja mbio na maji, akaketi kunishika mkono akidhani ni msiba. Halafu nikafika kwenye leso, nikaanza kucheka machozi bado yanatoka. Maskini akawa hajui anipe pole au anipe maji. Nikamtafsiria yote. Sasa ofisi nzima inamjua Waziri, na inasema daktari yule atafutwe apewe maua.

Nimelala kama gogo. Nilikuwa nimekaa roho juu siku zile zote, hata chai nilikuwa naisahau ikipoa mezani. Unajua mimi naandika kuhusu watu hawa kila siku, nakaa kwenye kona na karatasi zangu, na kila mmoja ni mke wa mtu fulani mbali. Safari hii alikuwa wangu.

Niambie moja tu: anaendeleaje sasa?

Mpwa wako


Tarehe 16 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo, tuko nyumbani, na wewe ukiwa hujambo basi hesabu imetimia. Barua hii niliianza jana. Uliuliza Waziri anaendeleaje, nikakujibu kurasa tatu, kazi safi, ndani yake amepona mpaka amemkimbiza mwizi wa cherehani mtaa mzima na kumkamata. Leo asubuhi nikaisoma tena. Nikaichana. Nimempelekea kalamu.

Mjomba


Mwanangu,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo, na lile koti unalivaa, si kulitundika.

Ni kweli amenipa kalamu mwenyewe, sikumwomba. Mengi aliyokuandikia ni ya kweli vilevile, ila si kweli kwamba alinyamaza mwanzo mpaka mwisho. Daktari aliponiuliza umri, leso ilimtoka akajibu yeye. Alinipunguzia miaka kumi. Nikaona hilo nilisahihishe kwa muuguzi baadaye, taratibu.

Naendelea hivi. Kwenye kifundo cha mkono, pale walipopitisha waya, kumebaki rangi ya zambarau, inafifia. Dawa ni nyingi na moja inaniletea kizunguzungu nikisimama ghafla, kwa hiyo sisimami ghafla. Taya limetulia, nalisikitikia jino langu lililong'olewa bure. Ule mkono wa mgongoni haujarudi. Uchovu bado ninao jioni, lakini ni uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Nilikuwa nimeshasahau kwamba huo ni mwingine kabisa. Juzi nilikata vitambaa vya sare asubuhi nzima, nikainuka, nikasubiri unibane. Haukuja. Nikakaa tena nikasubiri, haukuja. Nikaanza kuimba, kinyozi akazima redio yake.

Kuna mengine nataka kukueleza kuhusu siku nilizokuwa nasimama pale kwenye ngazi, nilichokuwa nawaza. Sijawahi kumwambia mtu. Mjomba wako yuko mlangoni, anachungulia, anauliza kama nimemaliza.

Nimemwambia bado, akaketi kunisubiri.